Habari za Mama Rosine Krapf, Mke wa Kasisi, Aliyezikwa Nyali

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa jubilii



Tulipotakiwa kusema nanyi katika siku hizi za jubilii habari za mama mmoja wa Kanisa, wengi walidhani kwamba tutamchagua mtu aliyefanya kazi nyingi: aliyelea yatima, au aliyefundisha wanawake kusoma kwa miaka arobaini, au aliyewauguza wagonjwa hata yeye mwenyewe akazeeka. Wako mama wengi wa namna hiyo, na sifa zao ni za haki. Lakini sisi tumemchagua mwingine, aliyekaa Mombasa yapata miezi miwili tu. Hakujenga nyumba ya shule, wala hakuacha kitabu, wala hakuacha mtoto. Jina lake ni Rosine Krapf. Tutawaeleza kwa nini tumemchagua.

Tulipokuwa tukijitayarisha kwa jubilii hii tulifungua madaftari ya zamani ya mitaa yetu, tukitafuta majina ya watu wa kale ili yasomwe kanisani. Majina ya makasisi tuliyapata. Majina ya walimu tuliyapata, na mwaka ambao kila mmoja alikuja, na mwaka ambao aliondoka. Lakini wake zao mara nyingi tuliwakuta wameandikwa kwa maneno mawili tu: na mkewe. Mwalimu fulani alifika, na mkewe. Kasisi fulani alihamishwa, na mkewe. Tuliona haya, kwa kuwa baadhi ya madaftari hayo tuliyaandika sisi wenyewe kwa mkono wetu, wala wakati ule hatukufikiri kwamba tumepunguza neno.

Hata habari ya mwanzo wa kazi ya misioni yetu katika pwani hii husimuliwa vivyo hivyo. Watoto wetu hujifunza shuleni kwamba Dakta Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mkewe. Basi leo twataka kuyafungua maneno hayo mawili, tuone ndani yake mna nini.

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen. Alisoma katika chuo cha misioni cha Basel katika nchi ya Uswisi, kisha akatumwa na misioni ya Kiingereza, ile CMS, kwenda Uhabeshi. Huko alikaa miaka kadhaa, na miongoni mwa hiyo mitatu hivi katika nchi ya Shewa. Nia yake kubwa ilikuwa kuwafikia Waoromo, ambao siku zile watu wa nje waliwaita Wagala. Mwaka 1842 alitoka Shewa akashuka mpaka Misri, na huko akaoana na binti mmoja wa Basel, jina lake Rosine Dietrich.

Fikirini, mama zetu, jambo hili. Binti atoka kwao Uswisi, nchi ya milima na theluji, aiacha nyumba ya wazazi, avuka bahari, ili aolewe na mtu ambaye hana nyumba. Wengi wenu mliolewa na walimu na makasisi, nanyi mwajua maana ya kuolewa na mtu ambaye leo yuko hapa na kesho ametumwa pengine. Lakini ninyi angalau mlijua kijiji mnachopelekwa. Rosine hakupewa kijiji. Alipewa njia.

Walipokwisha kuoana walitaka kurudi Shewa, lakini njia ilikuwa imefungwa, kwa maana mfalme wa huko hakuwataka tena wamisionari. Wakajaribu kuingia kwa upande mwingine, kutoka Massawa katika Bahari ya Shamu. Huko nyikani, katika nchi ya watu waitwao Washoho, Rosine akashikwa na utungu kabla ya wakati wake. Hapakuwa na mkunga wala nyumba. Akazaa mtoto mwanamke, naye hakuishi. Wazazi wakampa jina la Eneba, neno la Kiamhari ambalo maana yake ni chozi. Wakamzika, wakaenda zao.

Waswahili husema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwanamke huyu angaliweza kumwambia mumewe, Nirudishe kwetu, safari hii imetosha. Wala hapana mtu ambaye angalimlaumu. Hakurudi. Njia ya Uhabeshi ilipokuwa imefungwa kabisa, Krapf alifikiri kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini, kwa kupitia pwani yetu hii, na Rosine akaandamana naye.

Mwezi wa Novemba 1843 walipanda chombo huko Aden. Hawakufika mbali. Upepo ulikuwa mkali, chombo kikavuja, maji yakazidi hata wakakaribia kuzama, nao wakaokolewa na chombo kingine wakarudishwa Aden. Baada ya siku chache tu wakapanda chombo cha pili. Na hapa twaomba walimu wawaambie watoto jambo hili, kwa maana halimo katika masomo mengi: mwanamke ambaye mwaka huo huo amemzika mtoto nyikani, naye ameponea chupuchupu kuzama baharini, alipanda chombo tena.

Tarehe 7 Januari 1844 walifika Unguja. Sayidi Said bin Sultani, aliyekuwa mtawala wa Unguja na pwani yote, aliwapokea kwa heshima. Alimpa Krapf barua kwa maliwali wake, akiwaambia kwamba huyu ni mtu mwema aliyekuja kwa kazi ya Mungu, wamtendee mema. Yafaa tukumbuke neno hilo katika jubilii yetu. Mlango wa kwanza wa kazi hii katika pwani ulifunguliwa kwa barua ya mtawala Mwislamu, na huko Mombasa liwali wake alitii barua ile, na kadhi wa mji akamsaidia Krapf katika kujifunza Kiswahili. Tangu siku ile tumekaa pamoja katika pwani hii na majirani zetu Waislamu. Tusisahau kwamba sisi ndio tulioanza kwa kuwa wageni wao.

Krapf alitembelea pwani kwanza, kutazama mahali panapofaa, na mkewe akangoja Unguja. Mwezi wa Mei mwaka ule wakahamia Mombasa wote wawili, katika kisiwa cha Mvita. Rosine alikuwa na mimba tena.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf akaanza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Ninyi nyote mnaosoma Maandiko kwa Kiswahili, ikumbukeni tarehe hiyo. Alikuwa hajakaa pwani hata nusu ya mwaka, na kazi yenyewe ilikuwa na makosa mengi, kama alivyojua yeye mwenyewe. Lakini mwanzo ni mwanzo. Hatusemi kwamba Rosine alitafsiri. Hatuna habari ya jambo hilo, wala hatutaki kumpa sifa asiyoihitaji. Twasema hivi tu: kurasa zile za kwanza ziliandikwa katika nyumba ambayo yeye ndiye aliyekuwa mama yake. Mtu aketipo mezani akaandika tangu asubuhi hata jioni, kuna mwingine aliyeteka maji, aliyeuliza bei ya samaki kwa lugha asiyoijua bado, aliyemkaribisha mgeni mlangoni. Kila mwalimu aliyeoa ajua kwamba ndivyo ilivyo.

Mwanzoni mwa Julai homa ikaingia nyumbani. Ikamshika Krapf kwanza, kisha mkewe. Siku zile hapakuwa na mtu katika dunia aliyejua kwamba homa hii huletwa na mbu. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1897, lilipothibitishwa na daktari Ronald Ross huko Bara Hindi. Wala hawakujua, kama tunavyojua leo, kwamba malaria humdhuru mwanamke mwenye mimba kuliko watu wengine, pamoja na mtoto aliye tumboni. Tarehe 6 Julai, katikati ya homa ile, Rosine akazaa mtoto mwanamke. Nguvu zake hazikurudi. Mumewe naye alilala na homa, hata hakuweza kumwuguza ipasavyo.

Rosine alipoona kwamba saa yake imefika aliomba. Mumewe ameandika habari hiyo katika kitabu chake cha safari. Aliwaombea jamaa zake na misioni. Akaiombea nchi hii ya Afrika Mashariki. Akamwombea na mtawala wake, Sayidi Said, ili Mungu aelekeze moyo wake kuwatakia mema raia zake. Tarehe 13 Julai 1844 akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa.

Tena alikuwa ametoa neno moja juu ya maziko yake. Hakutaka azikwe kisiwani. Alitaka azikwe upande wa bara, katika nchi ya Wamijikenda, ambao siku zile waliitwa Wanyika, ili watu wapitao njiani walione kaburi lake, nalo liwakumbushe sababu iliyowaleta watumishi wa Kristo katika nchi yao. Basi akavushwa maji akazikwa Nyali, na mtoto wake kando yake.

Krapf, angali dhaifu kwa homa, akawaandikia wakubwa wa misioni huko London. Hakuwaambia, Acheni kazi hii. Aliwaambia kwamba sasa liko kaburi moja katika pwani ya Afrika Mashariki, na kaburi hilo ni alama kwamba vita imekwisha kuanza, nao wajiweke tayari.

Ndugu zetu, twasoma katika kitabu cha Mwanzo, kitabu kile kile kilichokuwa mezani pa Krapf siku zile, kwamba Ibrahimu aliahidiwa nchi yote ya Kanaani. Lakini Sara alipokufa, Ibrahimu hakuwa na mahali hata pa kumzika mkewe. Akawaendea wenyeji, akanunua shamba la Makpela kwa fedha. Hivyo, katika nchi yote aliyoahidiwa, kipande cha kwanza alichokimiliki kilikuwa kaburi la mkewe. Tena twasoma habari za Raheli, aliyekufa kwa utungu wa kuzaa walipokuwa safarini, akazikwa kando ya njia ya Efrathi, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Hatujui kama Krapf alikuwa amekwisha kuzifikia sura zile katika kutafsiri. Lakini twajua kwamba alizifikia katika maisha yake.

Kweli, Wareno walikuwa na makanisa Mombasa zamani, nayo yaliondoka pamoja na utawala wao. Lakini misioni yetu, ambayo leo ina makanisa na shule na hospitali, ilianza hivi: hapakuwa na kanisa wala shule wala Mkristo mwenyeji hata mmoja, ila kaburi la mke wa kasisi, na kaburi dogo kando yake.

Sasa twajua kwamba wako hapa watu wanaouliza moyoni neno gumu, nasi hatutalikwepa. Wasema, Je, mwanamke huyu hakupotea bure? Angalibaki kwao angaliishi. Je, mumewe hakukosa kumleta katika nchi ya homa, naye ana mimba? Ni swali la haki, na aliulizaye si adui wa Kanisa.

Twajibu hivi. Kwanza, Rosine hakuburutwa. Alikuwa mtu mwenye imani yake mwenyewe, na maombi yake mwenyewe, na hata kaburi lake alilichagua mwenyewe. Tukimfanya kuwa mzigo tu uliochukuliwa na mumewe, tumemwandika tena kwa maneno yale mawili. Pili, kifo chake hakikuwa chema kwa sababu kilikuwa kifo. Mungu hapendezwi na mama kufa katika kuzaa. Tusiwafundishe watu wetu kuyasifu mateso kana kwamba mateso yenyewe ndiyo utakatifu. Kilicho chema ni kwamba alipokuwa hana tena kitu cha kutoa, hakuyafunga mawazo yake katika uchungu wake mwenyewe, bali aliifikiria nchi ambayo alikuwa ameiona kwa miezi michache tu, akaiombea kama mama aombeavyo nyumba yake. Kwa hiyo twamwita mama wa Kanisa, ingawa hakubaki na mtoto.

Na maombi yale, je, yalijibiwa? Tutazame yaliyofuata, nanyi mtaamua wenyewe.

Krapf alikaa peke yake hata tarehe 10 Juni 1846, alipofika mwenzake Johannes Rebmann. Mwaka huo huo wakaenda bara, wakaanza kukaa Rabai. Mtu wa kwanza kubatizwa huko alikuwa Mringe, maskini aliyekuwa kilema, naye alibatizwa karibu na kufa kwake. Kwa hiyo Kanisa lililoanza kwa kaburi la mgeni lilipata mzaliwa wake wa kwanza kitandani pa mgonjwa. Rebmann naye alioa, na mkewe akakaa pamoja naye miaka mingi katika upweke wa Rabai, hata alipofariki mwaka 1866. Yeye naye vitabu vingi humtaja kwa maneno yale mawili.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa amri ya Sayidi Barghash, mwana wa Sayidi Said. Tena mwaka 1875, upande wa bara unaokikabili kisiwa cha Mvita, si mbali na kaburi lile, ukaanzishwa mji wa Frere Town kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru. Wanaume, wanawake na watoto walionyang'anywa kwao, waliookolewa katika majahazi, walishushwa katika pwani ile ile ambako Rosine alivushwa akiwa amekufa. Alikuwa ameomba kwamba wapitao njiani walione kaburi lake. Hakujua ni watu gani watakaopita.

Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokuwa wametwaliwa utumwani utotoni, wakakombolewa wakasomeshwa Bara Hindi. Hao ndio watangulizi wa makasisi wetu wote wa pwani. Wake zao ndio waliokuwa mama zetu wa kwanza wa Kiafrika katika nyumba za makasisi. Mwaka ule ule Jones alisafiri na Askofu kwenda bara, na Askofu akauawa huko Busoga mwezi wa Oktoba. Na Jones alikuwa nyuma pamoja na wapagazi, akarudi pwani na habari ile ya msiba. Twajua mengi ya safari ya Jones. Lakini mtu aliyekaa Rabai miezi ile yote, akingoja asijue kama mumewe yu hai au amekufa, ni nani aliyeziandika habari zake?

Hayo ndiyo tuliyotaka kusema juu ya wakati uliopita. Lakini jubilii si siku ya kutazama nyuma tu. Katika torati jubilii ni mwaka wa kulipa na kurudisha. Mtu aliyenyimwa shamba lake hurudishiwa. Basi twataka kusema kwa ufupi deni letu ni nini, sisi wa mitaa na sisi walimu.

Deni la kwanza ni majina. Twaomba kila mtaa, kabla mwaka huu wa jubilii haujaisha, uwaulize wazee wangali hai: Mke wa mwalimu wa kwanza aliitwa nani? Alitoka wapi? Alifanya nini? Alizikwa wapi? Kisha yaandikwe katika daftari la kanisa, kwa jina lake la ubatizo na jina la kwao. Kazi hii wapeni wanafunzi wa shule. Itawafundisha historia kuliko vitabu vingi. Wala msingoje. Wazee ni kama vitabu visivyopigwa chapa ila nakala moja.

Deni la pili ni wajane. Kasisi akifa, nyumba aliyokaa si yake, ni ya Kanisa; naye anayekuja baada yake yuko tayari mlangoni. Mama aliyewapikia wageni wa mtaa kwa miaka thelathini, aliyeamka usiku kufungua mlango kwa wenye msiba, hufungasha vyombo vyake katika muda mfupi, naye hana shamba wala nyumba. Sisi tumekaa katika halmashauri, tumeona shauri la bati la paa likizungumzwa kutwa, na shauri la mjane likamalizwa kabla ya chai. Twasema neno hili kwa kujilaumu sisi, si kwa kumlaumu mtu mwingine. Krapf alikuwa mgeni, bila fedha nyingi, naye ni mgonjwa, lakini mkewe alipata mahali alipopataka. Je, sisi wenye nchi tutashindwa kumpa mjane wa mchungaji wetu mahali pa kukaa angali hai?

Deni la tatu ni uhai wa mama wanaozaa. Rosine alikufa kwa jambo ambalo katika siku zake halikujulikana. Leo lajulikana. Mwanamke mwenye mimba alale ndani ya chandarua. Aende kliniki mapema, apimwe, apewe dawa ya kumkinga na malaria. Asiachwe azae peke yake, wala asingojeshwe nyumbani mpaka nguvu zimekwisha. Waume, jambo hili ni lenu pia. Walimu, lisemeni shuleni. Wahubiri, lisemeni mimbarani. Tukisimama Nyali tukaimba nyimbo juu ya kaburi la mama aliyekufa kwa homa katika kuzaa, kisha tukarudi kijijini tukamwacha jirani yetu afe kwa homa ile ile, tumeimba bure.

Labda mama mmoja hapa asema moyoni, Mimi si Rosine, sikuvuka bahari. Sikilizeni basi habari ya mke mwingine wa kasisi, Mary Sumner, wa kijiji cha Old Alresford huko Uingereza. Yeye hakuvuka bahari kwenda misioni. Mwaka 1876 aliwakusanya akina mama wa mtaa wa mumewe, matajiri na maskini pamoja, wasaidiane katika kulea watoto kwa imani. Hivyo ndivyo ulivyoanza Umoja wa Akina Mama, ambao leo umo katika nchi nyingi za dunia, na katika mitaa yetu pia. Alizaliwa 1828, akafa 1921, umri wa miaka tisini na miwili. Mmoja alipewa siku nyingi, mwingine alipewa miezi miwili pwani kwetu. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho mkononi. Wala ninyi hamtaulizwa zaidi ya hayo.

Leo Nyali imekuwa mtaa wa jiji. Daraja kubwa lavuka maji, na kila siku watu kwa maelfu hupita, kwa magari na kwa miguu, wakienda sokoni na kazini na shuleni. Wengi wao hawajui kwamba si mbali na njia yao amelala mwanamke wa Basel na mtoto wake. Alitaka wapitao waone. Wapitao wamekuwa wengi kuliko alivyoweza kufikiri, lakini kaburi haliwezi kusema lenyewe. Lahitaji watu wa kulisemea.

Basi, ndugu zetu, mtakaporudi makwenu na mtu akawauliza jinsi kazi hii ilivyoanza katika pwani yetu, msiseme tena kwamba Dakta Krapf alifika mwaka 1844 na mkewe. Semeni kwamba mwaka 1844 walifika wawili, Ludwig na Rosine. Mmoja akaandika maneno, na mwingine akaomba, akalala katika mchanga wetu. Kisha mwambieni na jina la mama yule wa kwanza wa mtaa wenu, ambaye mtakuwa mmekwisha kuliuliza.

Neema ya Bwana iwe na mama zetu wote, walio hai na waliolala. Amina.